Uso wa mtu mzima hautaki ukali

Kazi yangu ni ya mikono. Nimekanda wazazi waliotoka kujifungua, nimesinga maharusi, na tangu niingie miaka ya hamsini wanaonijia zaidi ni wanawake wa rika langu. Wanakuja baada ya alasiri, wanavua mtandio, wanavuta ngozi ya shavu kwa kidole kwenda juu, halafu wanauliza: "Hii inarudi?"

Inarudi kidogo. Na kile kidogo hakitoki pale wanapodhani. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mpaka limenichosha, ndiyo maana leo naliandika. Nina miaka 56, na uso ninaouzungumzia ni wangu pia.

Niko Ng'ambo, mjini Unguja. Sina saluni. Nina chumba kimoja chenye kitanda cha kukandia, beseni, birika la maji ya moto na kabati la chupa. Kazi nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa somo wa wari, yaani mwalimu wa wasichana waliovunja ungo, na mkandaji wa wazazi huko shamba. Katika mafunzo yake uso ulikuwa kitu kidogo sana. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto na mafuta, tumbo, nyonga na mgongo. Usoni alipanguswa kwa kitambaa tu. Bibi harusi ndiye aliyetiwa mkono usoni, na hata huyo ilikuwa kwa ajili ya harufu na mng'ao: singo ya asumini, mawaridi, mlangilangi, mrehani na liwa, ule mti wa harufu unaosagwa, akasingwa mwili mzima mpaka nongo zikatoka. Lakini bibi harusi wa miaka 20 hana anachokosa. Msinge kwa unga wa muhogo, atang'aa vilevile. Ujuzi wa nyuso za watu wazima niliupata baadaye, ngozi yangu mwenyewe ilipoanza kukauka.

Ilianza wakati hedhi inaruka miezi. Nikioga, uso unakaza. Krimu niliyoizoea ikaanza kuniwasha, na asubuhi naamka nimevimba chini ya macho kana kwamba nililia usiku kucha. Binti yangu ni muuguzi, yeye ndiye aliyenikalisha akanieleza. Ngozi inashikiliwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na homoni ya estrojeni ni mmoja wa wasaidizi wakubwa wa kuzitengeneza. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, na katika miaka 5 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake. Baada ya hapo kasi inapungua, inakuwa kama asilimia 2 kwa mwaka. Mafuta ambayo ngozi inajitengenezea yanapungua nayo, kwa hiyo maji yanatoka upesi. Nyama za mashavu zinashuka. Hata mfupa wa taya unapungua. Na sisi wenye ngozi nyeusi mikunjo midogomidogo hutuchelewa. Kinachotuwahi ni shavu kulegea na rangi kuingia mabaka.

"Kwa hiyo, mama," akaniambia, "hakuna mafuta yatakayokurudishia mfupa."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinifaa kuliko chupa yoyote niliyowahi kununua. Nikishajua kilichoondoka, najua cha kuhangaikia na cha kukiachilia.

Nianze na mkono, maana ndio wanaoufuata kwangu.

Uso haukandwi kama mgongo. Mgongo unauegemea kwa uzito wako. Uso ukiuegemea unaiburuta ngozi juu ya mfupa, na ngozi ya mtu mzima ikishaburutwa haina haraka ya kurudi mahali pake. Kipimo changu ni hiki: nikipitisha kidole shavuni, ngozi isijikunje mbele ya kidole. Ikijikunja, ama mafuta ni machache ama mkono ni mzito.

Naanzia shingoni. Wengi wanashangaa, wanadhani nimekosea njia. Chini ya ngozi kuna maji ya limfu, nayo hayana moyo wa kuyasukuma kama damu. Yanasogea kwa misuli na kwa kuguswa, na kutoka usoni hushukia shingoni mpaka juu ya mtulinga. Kama njia ya kutokea haijafunguliwa, kuna faida gani kuyasukuma mashavuni? Basi kiganja chepesi kinatoka nyuma ya sikio, kinashuka ubavuni mwa shingo, kinaishia mtulingani. Polepole. Sigusi koo mbele, wala sikandamizi pale panapopiga mshipa. Halafu taya: kidole gumba chini, cha shahada juu, vinaubeba mfupa kuanzia kidevuni mpaka chini ya sikio, kisha vinashuka tena shingoni. Halafu shavu, kutoka ubavuni mwa pua kwenda sikioni, nikipita chini ya mfupa. Chini ya jicho natumia kidole cha pete tu, kwa sababu ndicho kisicho na nguvu, na sivuti. Nagusa na kuachia, nagusa na kuachia, nikielekea nje. Kipaji cha uso mwisho, kutoka katikati ya nyusi kupanda juu na kufunguka kwenda kwenye panja.

Sehemu ninayokaa nayo muda mrefu ni misuli ya taya. Uma meno, weka kidole mbele ya sikio: ile inayotuna ndiyo hiyo. Kwa wanawake wa rika langu naikuta migumu kama jiwe la kusagia liwa. Ni ada za skuli, ni madeni ya kikoba, ni mume, ni watoto waliokwenda mbali. Mchana tunayameza na usiku tunayauma. Pale sisugui. Naweka kifundo cha kidole, nabonyeza kidogo, namwambia afungue mdomo nusu, nangoja. Baada ya muda nyama inajiachia yenyewe na unausikia uso mzima ukishusha pumzi. Kuna mama mmoja muuza vitambaa Darajani aliyenijia kwa ajili ya mikunjo ya mdomoni. Aliinuka akasema kichwa kilichomsumbua tangu asubuhi kimetulia. Mikunjo ilikuwa palepale. Anaendelea kuja, na hajaitaja tena.

Kwa mtu anayejikanda mwenyewe nyumbani, dakika 10 usiku zinatosha. Mimi chumbani nachukua muda zaidi kwa kuwa wateja wamelipa, na ukweli wengi wanataka kusinzia.

Sasa, kukanda kunafanya nini? Uvimbe wa asubuhi unapungua, hilo nimeliona kwangu na kwa wengi. Damu inakuja juu, uso unapata uhai. Taya likilegea, mtu anapoteza ile sura ya ukali aliyokuwa hajui kama anayo, na watu wanamwambia amependeza bila kujua wanasifu nini. Mafuta yanaenea vizuri kuliko kupakwa kwa haraka mtu akiwa mlangoni. Lakini mfuo wa kutoka puani kwenda mdomoni haufutiki kwa kidole, na shavu lililoshuka halipandi likabaki juu. Anayekuahidi hilo anakuuzia kitu.

Binti yangu alinisomea utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, uliotoka 2018 katika jarida la JAMA Dermatology. Huo ulikuwa wa mazoezi ya uso, si wa kukandwa. Wanawake wa miaka 40 hadi 65 walifanya mazoezi ya misuli ya uso nusu saa kila siku kwa wiki 8, kisha siku moja ndiyo moja hapana mpaka wiki ya 20. Madaktari walioangalia picha zao waliwakadiria mwanzoni kama watu wa karibu miaka 51, mwishoni kama wa miaka 48, na mashavu ndiyo yaliyoonekana kujaa. Waliomaliza walikuwa 16 tu, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha. Wajapani nao walipima roli za kukandia uso: dakika 5 za roli, na damu kwenye shavu ikaongezeka kwa dakika 10 na ushee. Dakika 10, si miaka 10. Nayasema haya bila dharau. Dakika 10 kila usiku si haba. Ila nusu saa ya kuvimbisha mashavu mbele ya kioo, kila siku, mwanamke mwenye nyumba ya watu atakuwa anaifanya saa ngapi? Mimi nayafanya machache nikiwa nimeshika mwiko, na wajukuu wanakufa kwa kicheko.

Na yale mawe ya kuchonga ya kukandia uso kutoka China, yaliyojaa sasa kwenye maduka ya mtandaoni? Hayana ubaya. Ubaridi wake ndio unaoshusha uvimbe, na kijiko kilicholala kwenye friji kinafanya kazi hiyohiyo. Kuhusu picha za kabla na baada, nimejifunza kutazama kivuli kwanza. Mpige mtu picha chini ya taa ya juu, kisha mpake mafuta, mgeuze dirishani, mwambie atabasamu kidogo. Umeshampunguzia miaka kabla hujamgusa.

Mafuta sasa. Hapa nina neno ambalo sijalisikia kwenye video yoyote ya urembo, pengine kwa sababu wanaozirekodi hawatawadhi. Sisi tunalowesha uso mara tano kwa siku, kisha tunauacha ukaukie upepo wa feni. Maji yanapokauka juu ya ngozi yanaiacha kavu zaidi ya ilivyokuwa, na ngozi isiyo na mafuta yake haina cha kuizuia. Tangu nianze kupaka mafuta kabla maji hayajakauka, ule mkazo umekwisha. Matone mawili matatu kiganjani, nayafikicha, nabandika viganja usoni penye unyevu, nimemaliza. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Ukiyapaka usoni pakavu umefungia ukavu. Wenye wasiwasi na udhu wao wamuulize sheikh wao. Mimi nilimuuliza wangu, akanijibu kwamba mafuta yaliyonyweka bila kuacha utando hayana neno. Sabuni naitia usoni mara moja tu, jioni, nayo ni laini. Sabuni ya mche ni ya nguo.

Ya kwangu ni ya nazi, napika mwenyewe: nakuna, nakamua tui zito, nalitia sufuriani kwenye moto mdogo mpaka mafuta yanakaa juu na masazo yanageuka rangi ya kahawa, nachuja kwa kitambaa. Hata hivyo simpi kila mtu. Mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi za wengine. Mpwa wangu akiyagusa tu, kipaji chote kinaota vipele. Mtu wa namna hiyo nampa ya alizeti, hayahaya ya jikoni ila ambayo hayajakaangiwa. Wengine huyadharau kwa kuwa ni ya bei nafuu na hayana picha ya msichana kwenye chupa. Ngozi kavu haisomi chupa.

Liwa naipenda na sitaiacha. Nasaga juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi mpaka inakuwa uji mzito wenye harufu ile ya nyumba ya harusi. Si sisi peke yetu: Wangazija wana msandali wao wa kusaga juu ya jiwe la tumbawe, na wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji wana musiro wao mweupe unaoonekana kutoka mbali. Inapoza, inalainisha, na wakati iko usoni inaweka pazia kati yako na jua. Sharti langu ni moja: isikauke mpaka ikapasuka. Ile mipasuko ambayo wasichana wanaifurahia, wakisema inavuta ngozi, kweli inavuta, na pamoja na ngozi inavuta maji, ambayo mtu wa miaka 50 na zaidi hana ya kugawa. Itolewe ikiwa bado mbichi, kwa kitambaa kilicholowa. Siku nyingine naweka mtindi mtupu. Una asidi laktiki, inang'oa magamba yaliyokufa kwa upole, na ukizidisha muda inakuambia mapema kwa kuwasha. Manjano natia chembe tu, maana sitaki kumrudisha mtu kwao akiwa na sura ya pilau.

Ugomvi wangu na wateja ni juu ya neno asili. Wakishaambiwa kitu ni cha asili wanakiamini mpaka kiwaunguze. Upupu nao ni wa asili. Ndimu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu kila mtu ana dawa yake ya ndimu ya kuondoa madoa. Ndimu ina asidi kali mno kwa ngozi, na juu ya hilo majimaji yake, hasa ya ganda, yana vitu ambavyo jua likivipiga vinaunguza. Jirani yangu mmoja alijipaka ndimu na asali akaenda kuanua nguo. Siku iliyofuata alikuwa na malengelenge shavuni, na yalipopona yaliacha alama nyeusi iliyokaa miezi, nyeusi kuliko doa alilokuwa analitibu. Ngozi nyeusi ikiumizwa hulipa kwa weusi. Ndiyo maana kwetu ukali wowote, uwe wa ndimu, wa magadi au wa kusugua kwa brashi, unarudi kama baka. Mafuta ya karafuu ni hivyohivyo. Pemba, pale kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, cha Wawi, wanayatoa safi kabisa, na kwa jino ni dawa inayojulikana, lakini yakipakwa usoni bila kuzimuliwa ni moto. Na piko iliyochanganywa rangi ya nywele, ambayo bado inatiwa maharusi mikononi, isikaribie uso hata kwa kuchora nyusi.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua, ni habari nyingine, na siwezi kuandika juu ya nyuso za wanawake wa umri wangu nikaupita. Naujua kwa vidole kabla ya macho. Ngozi iliyokaa na krimu za steroidi inakuwa nyembamba, inateleza chini ya mkono bila kushika, vimishipa vinaonekana, na jua kidogo tu linaichoma. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha weusi, ikitumika miaka inaweza kugeuka: mashavu yanaingia weusi wenye ubuluu, na mwenyewe anazidisha kupaka akidhani dawa haijatosha. Zebaki inapenya mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa juu ya zebaki, ulioanza kufanya kazi 2017, umeviweka vipodozi vya zebaki katika orodha ya vitu vya kukomeshwa, lakini vikopo bado vinauzwa, vingine vikiwa vimeandikwa calomel au mercurio, vingine havikuandikwa kitu. Mtu wa namna hiyo simkandi. Simtii aibu pia, maana amekwishatiwa nyingi. Namwambia aende akaonane na daktari wa ngozi, na asiache steroidi ghafla bila kuongozwa, kwa sababu uso unaweza kulipuka vipele na kuwaka ukawa mbaya kuliko mwanzo, akakimbilia kopo tena.

Kitu kilichonifumbua macho kuliko vyote hakikuwa kwenye kabati langu. Ni uso wa dada yangu.

Tumefuatana kuzaliwa, mama mmoja, baba mmoja. Yeye aliolewa Paje akaingia kwenye mwani, katika miaka ile ya mwanzo baada ya kilimo hicho kuanza pwani ya mashariki mwaka 1989. Bamvua ikija anatoka na wenzake, maji yakiwa yamekupwa, wanainama kwenye vigingi na kamba mpaka maji yarudi. Jua linawapiga kutoka juu, na linawapiga tena kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Sabuni yetu ni moja, mafuta yetu ni mamoja. Namtengenezea mimi, namwekea chupa kila akija mjini. Siku moja nilimlaza kitandani nikamvua mtandio nimkande, nikaweka mkono mmoja shavuni na mwingine shingoni. Shingo ilikuwa ya msichana. Laini, ya rangi moja, haina alama. Shavu lilikuwa la mtu aliyemzidi miaka mingi: nene, kavu, lenye mabaka ya kahawia juu ya mifupa na mikunjo mikavu penye macho. Mpaka ulikuwa umenyooka palepale upindo wa mtandio unapokaa. Ngozi ni moja, umri ni mmoja, damu ni moja. Sehemu moja ilikaa chini ya kitambaa na nyingine haikukaa.

Nilirudi kwenye kioo nikajitazama. Miaka yangu yote ya kazi nimekaa chumbani. Na mimi nilikuwa najisifia liwa.

Weusi wetu ni kinga ya kweli, lakini ni kinga ndogo: ngozi nyeusi imepimwa ikaonekana inazuia mionzi inayounguza kwa kiasi cha krimu yenye SPF, kile kipimo cha kinga ya jua, ya 13 hivi. Mionzi ile mingine, inayopenya ndani zaidi na kula kolajeni bila kukuchoma, inapita wingu na inapita kioo cha daladala. Nilipomletea dada losheni ya jua, aliipaka, akajitazama, akaniambia nimempaka chokaa. Kweli alikuwa mweupe wa kutisha. Zipo zenye rangi ya kahawia ndani, na rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Kwa mabaka ya ngozi nyeusi hizo ndizo bora, kwa sababu mwanga huo nao hututia weusi. Bei yake si ya mwanamwani, na hilo silifichi. Moshi, katika hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni yao iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua linaleta saratani. Kwao losheni ni roho, na dukani inapokuwa adimu mimi na mikunjo yangu tusiwe wa kwanza kwenye foleni.

Kwa dada nilirudi kwenye kitu cha bei nafuu.

"Vaa kofia ya ukili, pana, juu ya mtandio."

"Wataniita mtalii."

"Wakuite. Ukiwa na kofia huwasikii."

Alivaa, na sasa wenzake wawili wanavaa. Liwa anaipaka nzito kabla hajashuka pwani, akirudi ananawa chumvi kwa maji baridi na kupaka mafuta uso ukiwa haujakauka. Mabaka hayajaondoka, ila hayajaongezeka, na ukavu umepungua nikimshika. Daktari anaweza kumwandikia tretinoini, ambayo ni jamii ya vitamini A na ndiyo dawa yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa ngozi iliyozeeshwa na jua. Si ya asili, na inafanya kazi. Inataka usiku, chembe kidogo, uvumilivu wa miezi, na jua kuepukwa. Kwa mtu anayeshinda baharini, kofia ianze.

Wapo nisiowatia mkono. Mwenye chunusi za usaha, mwenye malengelenge ya homa mdomoni, mwenye tezi lililovimba shingoni. Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Maskati na Dubai nawauliza kwanza kama wamechomwa sindano za kujaza mashavu, maana kile kilichojazwa kinaweza kusogea chini ya kidole; hao nawarudisha kwa aliyewachoma, awaambie wangoje kiasi gani. Vile vidoto vyeusi vinavyoota mashavuni na pembeni mwa macho, ambavyo mama zetu walikuwa navyo na sisi tunavyo, ni vya kurithi na havina madhara. Visifungwe uzi wala kuchunwa. Doa linalokua, linalobadilika rangi au linalotoka damu, hilo si la mkandaji.

Mafuta ya nazi yakae chupa ya kioo, mbali na dirisha, na kidole kilicholowa kisiingie ndani. Yakianza kuchacha utayajua kwa pua. Usiyatupe, bawaba za mlango zinayataka.